Walkman TPS-L2 iliyotumika: sikiliza kabla ya kulipa

Walkman hii, kicheza kaseti cha kubebeka cha Sony, ilitoka mwaka 1979, ikawa mojawapo ya sura za miaka ya 1980. Ina matundu mawili ya hedifoni, kitufe cha rangi ya chungwa cha kuongea na mwenzako bila kuvua hedifoni, na betri mbili za AA. Hairekodi. Sauti bado tamu, ila mkanda wa mpira wa ndani ukizeeka hulegea au huyeyuka na kunata, na muziki huyumba kama mlevi. Muuzaji akisema "inazunguka", usiridhike: weka kaseti ya dakika 60, usikilize upande mzima. Ya dakika 120 iache. Utepe wake mwembamba humezwa upesi. Sauti ikififia, futa hedi (kichwa kinachosoma utepe) kwa pamba yenye spiriti. Isiyobadilishwa mkanda wa mpira, omba ipunguzwe bei.