Kubandua Rangi Kuukuu Kwenye Boti ya Faiba: Skrepa, Jeli au Grenda?

Assalam aleikum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo niko Mtwapa, kando ya hori, na hii nyuma yangu ni boti ya faiba ya futi 23 tuliyoipandisha wakati wa bamvua. Tazameni tumbo lake: nyekundu juu ya buluu, buluu juu ya nyeusi. Ni rangi ya miaka mingi, kila mwaka imepakwa juu ya ile ya zamani. Upande huu ukiigusa tu inabanduka, upande wa pili imeshika kama saruji. Mwenyewe anataka itoke yote. Kwa hiyo nina vitu vitatu hapa: skrepa ya Bahco 665 yenye wembe wa kabaidi, yaani madini magumu kuliko chuma cha kawaida, wa milimita 65, dawa ya jeli ya kubandulia rangi iliyoandikwa kwamba ni ya faiba, na grenda.

Grenda naianza kwa sababu najua ndiyo wengi wenu mnayo. Naomba muiweke kando. Sogeza kamera hapa, kaka. Mnayaona haya mabonde? Hii ni kazi ya grenda ya zamani, kabla boti haijafika kwangu. Chini ya rangi kuna ngozi ya boti, jelikoti, na unene wake ni kama nusu milimita. Nusu milimita tu! Diski ya grenda inaipita kabla hujavuta pumzi, inaingia kwenye nyuzi za kioo. Hapo maji yanapata njia ya kupenya taratibu kwenye resini, ile gundi inayoshika nyuzi, na baadaye tumbo linatoka malengelenge. Ukiyatoboa yanatoa maji yenye harufu ya siki. Kutibu ugonjwa huo ni kazi kubwa kuliko kutoa rangi mara kumi.

Tuje kwenye dawa. Hapa sikilizeni vizuri. Dawa za kubandulia rangi za chuma na mbao, hasa zenye methilini kloridi, zinakula jelikoti vilevile zinavyokula rangi. Miaka ya nyuma niliuziwa kopo moja nikaambiwa linafaa kila kitu. Nikapaka, nikaenda kunywa chai. Niliporudi jelikoti ilikuwa laini kama nta, ukucha unazama. Ilikuwa boti ya mtu aliyeniamini, na niliitengeneza upya kwa pesa yangu. Mvuke wake nao ni hatari: Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia watu wa kawaida dawa za kubandulia rangi zenye kemikali hiyo, baada ya watu kufa wakizitumia sehemu zisizo na hewa.

Jeli hii niliyonayo ni ya bensili alkoholi, ni mpole zaidi. Unaipaka nene, huipigi brashi huku na huku, kisha unaifunika kwa plastiki. Jua letu ndilo linaloishinda, maana ikikauka imekwisha nguvu. Mimi niliipaka alfajiri, upande wa kivuli. Baada ya saa tatu matabaka mawili ya juu yalivimba yakatoka kama ngozi ya nyoka. Lile jeusi la chini halikusogea, ikabidi nirudie. Inafanya kazi, lakini tumbo zima la boti linataka makopo mengi.

Sasa skrepa, na hapa ndipo nimefurahi. Ina mpini mrefu na kirungu cha mbele cha kushikia kwa mkono wa pili. Unaivuta kuja kwako, huisukumi. Kabla ya yote chukua tupa ya almasi, viringisha kidogo zile ncha mbili za wembe, kwa sababu ncha kali ndizo zinazochora mistari kwenye jelikoti. Kisha ilaze, vuta mkupuo mrefu, uzito uwe sawa mikono yote miwili. Sikilizeni... hiyo sauti kavu ni rangi. Sauti ikibadilika ikawa nyororo, umefika chini, acha. Ukiona rangi ya kijivu inayong'aa, huenda ni prima ya epoksi, rangi ya kwanza ya msingi. Hiyo ni kinga, iache kama imeshika. Ubavu mmoja nimeumaliza kwa siku moja, na mabega yanauma kweli. Mahali isipofaa ni kwenye mikunjo na pembe za mkuku. Huko natumia jeli.

Jambo la vumbi silipiti haraka. Wazee wetu walipaka majahazi deheni, chokaa na mafuta, kuzuia viumbe wa baharini wanaoshika na kutoboa tumbo la chombo. Rangi hizi za tumbo zinafanya kazi hiyo kwa sumu, mara nyingi oksidi ya shaba, na zile za zamani sana huenda zina TBT, sumu kali yenye madini ya bati, ambayo mkataba wa kimataifa umeizuia tangu 2008. Ndiyo maana nimetandika turubai chini ya boti yote. Magamba yote yanaingia kwenye gunia, hayaendi horini. Watu wanakula kaa na chaza wa hapa. Vaeni barakoa yenye vichujio, si kitambaa, na ukimalizia kwa msasa namba 80, piga na maji.

Hukumu yangu: nunua skrepa hiyo, na ununue wembe wa akiba. Jeli nunua kopo moja la pembeni. Lakini kabla hujatoa pesa, chora msalaba kwenye rangi kwa kisu chepesi, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Isipotoka na rangi, rangi yako bado nzima: ipige msasa, hakikisha mpya inapatana na ya zamani, upake juu yake. Hii yangu ilitoka na kipande kikubwa kama kiganja.