Huduma ya wakala wa viza za kazi jijini Mbeya: tulichotozwa na bei yenyewe

Mwezi Februari mwaka huu nilimsindikiza mdogo wangu wa kiume katika ofisi ya wakala wa ajira za nje iliyoko ghorofa ya kwanza ya jengo moja karibu na Kabwe, jijini Mbeya. Mdogo wangu ana cheti cha hoteli na amefanya kazi miaka miwili katika nyumba ya wageni huko Uyole. Rafiki yake waliyesoma pamoja yuko Dubai, na ndiye aliyemtia hamu ya kwenda. Jina la ofisi hiyo silitaji kwa sababu bado tunadaiana, lakini huduma yenyewe nitaieleza yote, nzuri na mbaya, kwa kuwa najua vijana wengi wa Mbeya, Tukuyu na Iringa wanapanda ngazi za ofisi za namna hiyo wakiwa na fedha za mpunga au viazi mfukoni.

Tulipokelewa vizuri. Dada wa mapokezi alitukaribisha viti, akatuuliza tunatoka wapi, akamsikiliza mdogo wangu bila haraka. Kisha akatutajia bei kwa mkupuo: milioni nne na laki mbili, kila kitu kimo humo. Nilimwomba mchanganuo. Alisita kidogo, akageuza fomu na kuandika kwa kalamu upande wa nyuma: pasipoti 350,000, vipimo vya afya 200,000, viza 1,900,000, tiketi ya ndege 1,100,000, huduma ya ofisi 650,000. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, na ndiyo iliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Siku ile tulilipa 850,000, yaani pasipoti yote na kianzio cha 500,000 kwa ajili ya viza. Fedha hizo zilitokana na viazi vya mama huko Isyonje, ambavyo alikuwa amevihifadhi akisubiri bei ipande na akalazimika kuviuza kabla haijapanda. Tulipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye mhuri. Risiti ya mashine hatukupewa, na nakiri kwamba siku hiyo sikuidai.

Nianze na pasipoti, kwa kuwa hapo ndipo ofisi ilipofanya kazi yake vizuri zaidi na hapo hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka hesabu zake. Baba yetu alifariki bila kuwa na cheti cha kuzaliwa, na sisi tulidhani jambo hilo lingekwamisha maombi. Kijana mmoja wa pale ofisini alitueleza namna ya kuapa kiapo mbele ya wakili, akakagua kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu herufi kwa herufi, akagundua kwamba jina la kati limeandikwa tofauti katika nyaraka hizo mbili, na akatuelekeza pa kurekebisha. Kwa mtu asiyezijua taratibu, msaada huo una thamani, na ningekuwa tayari kuulipia kwa jina lake. Lakini ombi la pasipoti ya kielektroniki, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa mwaka 2018, lazima mwombaji alikamilishe mwenyewe mbele ya ofisa wa Uhamiaji, na malipo yake hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Mdogo wangu alipokwenda Uhamiaji aliona kwamba jumla ya malipo ni 150,000. Alikwenda kwa miguu, akapanga foleni mwenyewe, akaweka vidole vyake mwenyewe. Tulipouliza kuhusu 200,000 zilizobaki, tuliambiwa ni za usafiri na ufuatiliaji.

Suala la viza ndilo zito zaidi. Kwa Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambamo Dubai imo, mfanyakazi hanunui viza ya kazi. Mwajiri ndiye anayeomba kibali kwa wizara ya kazi ya huko, ofa ya kazi hutolewa kwa fomu maalumu ya wizara, mfanyakazi huisoma na kuisaini, kisha hutoka kibali cha kuingia nchini kwa ajili ya ajira. Baada ya kufika, mwajiri humkamilishia vipimo vya afya, kitambulisho cha mkazi na ukaazi wenyewe. Sheria ya mahusiano ya kazi ya nchi hiyo, Na. 33 ya mwaka 2021, ambayo ilianza kutumika Februari 2, 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka. Saudi Arabia nayo, katika kifungu cha 40 cha sheria yake ya kazi, inamtaka mwajiri abebe ada za kumleta mfanyakazi mgeni, kibali cha kazi na ukaazi pamoja na tiketi ya kumrudisha kwao. Kwa hiyo ile 1,900,000 iliyoandikwa nyuma ya fomu yetu, hata kama kazi ingekuwa ya kweli, ilikuwa fedha inayotakiwa kutoka kwa mwajiri, si kwa mama mwenye viazi.

Baada ya wiki tano tuliitwa ofisini kuona viza. Ilikuwa faili la kurasa mbili kwenye simu ya meneja, lenye picha ya mdogo wangu na namba ya pasipoti yake iliyo sahihi kabisa. Nilimwomba anikuzie maandishi. Mahali pa aina ya viza paliandikwa kuwa ni ya utalii, ya siku 60. Ofa ya kazi haikuwepo, jina la hoteli halikuwepo, mshahara haukuwepo. Meneja alitueleza kwa sauti ya upole kwamba hivyo ndivyo wote wanavyokwenda, kwamba ukishafika unabadilishiwa, na kwamba tukikamilisha salio siku ile tiketi ingekatwa kesho yake.

Ni kweli wapo watu waliokwenda kwa viza ya matembezi wakapata kazi na kubadilishiwa hadhi kihalali, na siwezi kumlaumu aliyefanikiwa. Lakini kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa huko, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2024 mwajiri anayemtumikisha mtu bila kibali anaweza kutozwa faini ya kuanzia dirham 100,000 hadi 1,000,000, jambo linalowafanya waajiri makini wamkwepe mtu wa namna hiyo. Siku za viza zikiisha bila kazi, mgeni huhesabiwa faini ya dirham 50 kila siku. Kwa kuwa dola moja ni takriban dirham 3.67, kijana aliyekwama mwezi mmoja anakuwa na deni la zaidi ya dola 400 kabla hajala wala kulipia kitanda. Meneja hakuyataja hayo hadi nilipoyataja mimi, na hata hapo alinijibu, “Mama, hayo ni ya watu wasio na bahati.” Mimi ni dada yake wa tumbo moja na bahati yake sikuwa tayari kuipima kwa fedha za mama. Tulikataa palepale.

Katika safari zetu za pale ofisini niliona na kusikia mengine ambayo yanamhusu yeyote anayefikiria nchi nyingine. Ukutani palikuwa na tangazo kubwa la kazi za kulea wazee Uingereza, lenye picha ya bibi anayetabasamu, ilhali Uingereza ilifunga njia ya kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi hiyo tangu Julai 22, 2025. Kuna baba mmoja kutoka Chunya aliyekuwa akimlipia mwanawe kile walichokiita ada ya kibali cha mwajiri wa Kanada. Kibali hicho kipo kweli, mwajiri hukiombea kwa ada ya dola 1,000 za Kanada, na masharti ya serikali ya huko yanakataza ada hiyo kurudishwa kwa mfanyakazi. Anachotakiwa kulipa mfanyakazi mwenyewe ni dola 155 za maombi ya kibali cha kazi na 85 za alama za vidole na picha. Nilimweleza yule baba taratibu, naye akanisikiliza, ingawa tayari alikuwa ametoa sehemu ya fedha.

Aliyenigusa zaidi ni binti muuguzi kutoka Iringa, aliyetajiwa milioni sita kwa viza ya Ujerumani. Ada ya viza ya muda mrefu ya Ujerumani ni euro 75. Kinachogharimu kwa muuguzi ni lugha, kwani anahitaji kufika kiwango cha B2, yaani cha nne kati ya sita vya kupimia lugha, ndipo atambuliwe kikamilifu, na hilo ni suala la miezi mingi ya darasa, mitihani, tafsiri za vyeti na nauli za basi za kushuka Kitonga kuelekea Dar es Salaam ambako ubalozi upo. Gharama hizo ni halisi na ni kubwa, lakini zinalipwa mahali panapojulikana na kila moja ina risiti yake. Nilimuuliza amefika kiwango gani cha Kijerumani. Akasema bado hajaanza, maana ameambiwa lugha atajifunzia hukohuko.

Nikiipima huduma hii kwa haki, ningesema maandalizi ya nyaraka ni mazuri sana, na mazoezi ya usaili wa Kiingereza waliyompa mdogo wangu kwa siku mbili yalimjengea ujasiri ninaouona hadi leo. Lugha ya wafanyakazi ni ya heshima. Kwa upande wa uwazi wa gharama siwezi kuwapa alama yoyote. Leseni ya uwakala niliyoiomba mara tatu sikuonyeshwa, ilhali wakala binafsi wa ajira haruhusiwi kufanya kazi hii bila leseni ya serikali, na leseni yenyewe haina sababu ya kufichwa kabatini. Anayetaka kwenda pale kwa ajili ya wasifu wa kazi na usaili pekee aende, akubaliane bei ya kazi hiyo peke yake na kudai risiti ya mashine. Kwa viza ya kazi, simshauri mtu kutoa hata kianzio kabla hajaishika ofa yenye jina la mwajiri, mshahara na namba ya kuihakiki kwa wizara ya nchi husika.

Kuhusu fedha zetu, niliandika barua ya madai, nikaambatanisha nakala ya ule mchanganuo wa kalamu, na nakala nyingine nikaipeleka ofisi ya kazi ya mkoa. Kati ya 500,000 za kianzio cha viza tumerudishiwa 300,000 kwa simu, kwa awamu tatu, ya mwisho ikiwa usiku wa kuamkia Pasaka. Meneja anasema 200,000 zilizobaki zilitumika kuomba ile viza ya utalii ambayo hatukuiagiza. Zile 200,000 za ufuatiliaji wa pasipoti hataki hata kuzizungumzia. Pasipoti yenyewe mdogo wangu anayo mkononi, ni halali kwa miaka kumi, na wiki iliyopita ametuma maombi moja kwa moja kwa hoteli mbili za Doha bila kumlipa mtu yeyote.