Glita ilibaki kwenye kanzu ya Mwalimu, kwenye kadi haikubaki

Kuhusu duka lililoniuzia gundi na glita, ule unga wa kumetameta, nilitaka kuandika neno moja tu, "msiende", kisha nikalale zangu. Ila neno moja watu watasema nina wivu wa biashara, basi acha nieleze.

Natengeneza kadi za mkono hapa Mikindani. Nyingi ni za Idi, ingawa Krismasi na mwaka mpya zikikaribia nazo huwa napata oda. Kadi yangu inajulikana kwa mlango: nachora mlango wa nakshi wa nyumba kongwe za hapa kwetu, ukiufungua unakuta kimfuko cha kutilia noti ya mkono wa Idi. Juu ya mlango kuna mwezi na nyota, na hapo ndipo panapong'aa. Kiolezo cha mwezi nimekikata kwenye eksirei kuukuu, maana cha karatasi kikishika gundi kinajikunja, lakini cha eksirei unakifuta kwa kitambaa unaendelea na kazi.

Ramadhani iliyopita, mfungo ukiwa umeshakolea, nikapanda daladala hadi Mtwara mjini kwenye duka moja la vifaa vya shule na ofisi. Jina silitaji, sitaki kesi. Nikachukua manila, vikopo vya glita ya dhahabu na ya fedha, na gundi nyeupe ya chupa ambayo muuzaji aliisifia mwenyewe bila kuulizwa: "Hii mama ukibandika umebandika." Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia gundi ya mkorosho. Yale mabonge ya utomvu unayachuma kwenye shina, unayaloweka usiku kucha, unachuja. Inanata vizuri sana, utotoni tulibandikia hadi majalada ya madaftari. Shida yake ni rangi, kwenye karatasi nyeupe inaacha doa la kahawia ukingoni, na mteja anayelipa hataki doa. Ndiyo maana nikaingia gharama ya gundi ya dukani.

Sasa hiyo gundi. Nimefungua chupa ya kwanza, yakatangulia maji, halafu yakafuata mabonge, kama maziwa yaliyokatika. Nikatikisa, nikakoroga kwa kijiti, ikalainika kidogo, nikapaka kwa brashi nyembamba ndani ya kiolezo. Nikanyunyiza glita, nikaacha, nikagonga kadi ubavuni ili iliyozidi ianguke kwenye gazeti. Jamani, ilipendeza! Hapa lazima niwe mkweli hata kama nina hasira: sijawahi kupata glita laini namna ile. Haikuwa na yale mapande makubwa yanayokwaruza kidole, ilikuwa unga kabisa, na taa ya koroboi tu ilitosha kuuwasha ule mwezi. Binti yangu alikaa anazitazama akasahau kuchota maji.

Nikaziacha mezani usiku kucha. Asubuhi nagusa, bado mbichi. Najua gundi za namna hii hukauka maji yake yakiruka, na msimu wa mvua hewa ya hapa imejaa unyevu, kwa hiyo nikazipa siku nyingine, na nyingine tena. Na Idi nayo haikupi tarehe ya kuisubiri kwa raha, ni ishirini na tisa au thelathini, unakaa na redio. Hatimaye juu zikaonekana zimekauka, nikazitia kwenye bahasha, nikazigawa kwa wenyewe. Mwezi ukaandama.

Miongoni mwa wateja wangu yuko mwalimu mstaafu, mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kusoma. Alichukua kadi za wajukuu wake wote. Asubuhi ya Idi akatoka msikitini na kanzu nyeupe, bahasha mkononi, wajukuu wakamkimbilia. Nilikuwepo, nilikwenda kumpa mkono wa Idi mkewe. Nikaona kwa macho yangu: kila mtoto anayetoa kadi kwenye bahasha, mwezi unabaki ndani ya bahasha. Ukibonyeza kidole juu ya nyota, nyota inahamia kidoleni. Mwalimu akakumbatia watoto, kifua cha kanzu kikawa dhahabu tupu, na ile kitu haipanguswi, ukipangusa unaisambaza.

"Mwalimu, shikamoo. Nisamehe sana."

"Marahaba mwanangu. Si neno, leo sikukuu, acha ning'ae."

Akacheka. Angenigombeza ningelala vizuri.

Nyumbani kwangu napo ndiyo usiseme. Glita kwenye mkeka, glita kwenye kope za mtoto, mume wangu alikwenda tarawehe na glita ndevuni akarudi nayo. Niliikuta kwenye tambi. Hii kitu si vumbi la kuyeyuka, ni plastiki iliyopakwa madini na kukatwa vipande vidogo sana, ikishaingia kwenye nyumba imehamia. Umoja wa Ulaya umeanza kupiga marufuku kuuza glita ya plastiki ya kumwaga tangu Oktoba 2023, na siku ile nilikuwa tayari kuwapigia makofi.

Idi ilipopita nikarudi dukani na chupa, risiti, na kadi moja ya ushahidi. Nikatoa salamu. Mwenye duka hakuitika, yuko na simu. Nikangoja. Nikaieleza shida yangu kwa adabu zote, nikaikung'uta ile kadi mbele yake, glita ikamwagika kaunta nzima. Akaitazama kaunta, mimi hakunitazama. Akaninyooshea kidole chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia kaka, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu, maandishi ya risiti hayaifuti. Ndipo akacheka, akamgeukia mteja mwingine, akasema kwa sauti:

"Hawa wa Mikindani wanabandikia ufukweni halafu wanatuletea lawama. Upepo wa bahari huo, mama."

Upepo wa bahari! Kwani Mtwara mjini iko Dodoma? Duka lenyewe ukisimama mlangoni unasikia honi za meli bandarini. Huyo mteja mwingine naye akacheka. Nilitamani kummwagia kikopo kizima kichwani, na nasema hivyo bila aibu.

Nilipotoka, kijana wake mmoja wa mizigo akanifuata nje. "Mama, usikasirike. Ile gundi ilikaa stoo, kwenye joto la bati, muda mrefu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe gundi nyeupe ya mbao, wanayotumia maseremala." Nilikwenda kwa shingo upande, nikijua hapo nafarijiwa tu. Nikaipaka kadi moja, tone la maji kuilegeza, glita ileile, nyumba ileile, upepo uleule wa bahari. Kesho yake nikaisugua kwa kidole gumba, nikaikunja, nikamkabidhi binti yangu aiharibu. Haikutoka hata chembe.

Kwa hiyo sasa niseme nini? Glita yao ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na kijana wao ana utu. Nilipofika kwenye sentensi hii nilikuwa karibu niwape alama ya wastani. Halafu nikaikumbuka "wanabandikia ufukweni". Hapana. Mwenye duka aliyekuwa akijua kilichokaa stoo kwake, au asiyetaka kujua, hastahili nauli ya mtu. Mkitaka glita hiyo mtumeni mtoto akanunue, ninyi wenyewe msiingie, na gundi msiiguse hata kama anaigawa sadaka.

Mwalimu nimempelekea kadi mpya za wajukuu, bila malipo. Kanzu mkewe ameifua na kuifua, bado inameta kwapani.

Mimi nimebaki na chupa mbili za ile gundi, moja haijafunguliwa. Mwenye watoto wanaotengeneza vishada, labda itamfaa, apite kwangu achukue bure. Glita siitoi.