Room ya Emma Donoghue: mtoto anaposikia kuwa mama alimdanganya

Nimefundisha chekechea miaka tisa, kwa hiyo riwaya inayosimuliwa na mtoto hunitia shaka. Wengi wa watoto hao ni watu wazima waliovishwa kaptula. Jack wa Room, riwaya ya 2010, ana miaka 5 na ni mtoto kweli. Amezaliwa ndani ya chumba alimofungiwa mama yake. Kitanda, Kabati na Zulia kwake ni kama wenzake. Bado ananyonya.

Mwanasaikolojia Erik Erikson aliiweka imani kwa mlezi kuwa hatua ya kwanza kabisa ya makuzi. Hapa imani hiyo inatikiswa mama anapokiri kwamba vitu vingi vya kwenye televisheni vipo kweli, huko nje. Jack anakasirika, anakataa kusadiki. Halafu mama huyohuyo anamtaka ajifanye maiti na aviringishwe ndani ya Zulia, ili watoroke! Anaogopa, anamchukia kidogo, ila anakubali. Niliwasha tena taa nikazirudia kurasa hizo.

Nusu ya pili, wakiwa huru, inapwaya. Watu wamejaa mno. Lakini Jack kulimung'unya jino bovu la mama lililong'oka, ili awe naye karibu? Hilo bado ninalo. Nyota nne.