Seti ya bustani ndogo ya vichimbakazi: uzoefu wangu baada ya majira mamoja ya kuchipua

Niliinunua seti hii mwezi Machi kwa dola 45, theluji ikiwa bado imelala kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Minneapolis, Marekani, kwa sababu binti yangu wa miaka saba, tangu alipouona ule mlango mdogo kwenye shina la mti kando ya Ziwa Harriet, ambako watoto humwachia barua kiumbe mdogo wa hadithi na kujibiwa, hakukoma kudai kichimbakazi wake mwenyewe. Ndani ya boksi mlikuwa na beseni la bati lenye upana wa sentimita 35, mfuko wa udongo mkavu, changarawe nyeupe, nyumba ya rezini yenye paa mfano wa uyoga, daraja, bembea, vichimbakazi wawili wenye mabawa na pakiti moja ya mbegu.

Kwa upande wa mapambo sina lawama. Mlango wa nyumba hufunguka kweli kwa bawaba ya waya, na dirishani kumechorwa chungu cha maua ambacho hakizidi punje ya mchele. Nilimpigia mama Tanga kwa video ili nimwonyeshe, naye akanyamaza kidogo kabla ya kuuliza, "Mwanangu, majini unawajengea nyumba kibarazani pako mwenyewe?" Ilinibidi nimweleze kwamba hawa wa huku hawafukiziwi ubani.

Kasoro kubwa ni beseni lenyewe, ambalo halikutobolewa hata tundu moja. Karatasi ya maelekezo ilidai kwamba changarawe ikitandikwa chini inatosha, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe mpaka udongo wenyewe uwe umelowa chepechepe, na mizizi iliyomo humo hukosa hewa ikaoza. Baada ya wiki mbili beseni lilitoa harufu ya kinamasi. Nilimwaga kila kitu, nikaligeuza, nikalitoboa matundu saba kwa msumari na nyundo, kisha nikaanza upya. Mbegu nazo, ambazo pakiti haikuzitaja jina, ziliota majani ya kawaida yaliyopita paa kwa muda mfupi, hata nyumba ikaonekana imemezwa na shamba la mpunga.

Hapo ndipo nilipoamua kununua miche. Katika mji huu baridi ya kugandisha inaweza kurudi hata mwezi Mei ukiwa umeingia, na wakulima wengi wa bustani husubiri Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya mwezi huo, kabla ya kupanda nje. Seti inayouzwa Machi ingepaswa kulisema hilo waziwazi. Nilichagua zaatari itambaayo, yenye majani madogo yanayolingana na kimo cha nyumba, pamoja na Sagina subulata, ambayo hufanya zulia la kijani na, ijapokuwa huuzwa kama mmea wa jamii ya kuvumwani (moss), ni ndugu wa maua ya mapambo yaitwayo carnation na hutoa maua meupe. Kwa wiki nzima niliitoa miche nje mchana na kuirudisha ndani usiku ili izoee. Nilitamani pia Sempervivum, mmea wa majani manene yanayohifadhi maji, lakini huo hupenda ukavu ilhali Sagina hutaka unyevu, kwa hiyo niliupa kigae chake peke yake pembeni.

Mwishoni mwa Agosti rangi ya paa upande wa kusini ilikuwa imepauka, na gundi ya daraja iliachia baada ya mvua ya pili. Nilimwandikia muuzaji kuhusu beseni. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, na badala ya beseni nilitumiwa kichimbakazi wa tatu.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Nyumba na vichimbakazi vingeuzwa peke yake kwa nusu ya bei ningevinunua tena bila kusita, nikatafuta chungu cha udongo chenye tundu na mfuko wa udongo mzuri dukani. Huyo wa tatu alifika bawa moja limevunjika, na binti yangu amemkalisha chini ya zaatari, kwa maelezo kwamba yuko likizo ya ugonjwa.