Bunduki ya gundi ya mia sita: inashika nini, na jua la Mombasa linaifanyaje

Wenzangu mnaopenda kutengeneza vitu kwa mikebe na matambara ya nyumbani, hii bunduki ya gundi, kile kifaa cha stima kinachoyeyusha vijiti vya gundi ukabandikia, niko nayo tangu kabla ya Ramadhani na sasa naweza kuisema vizuri. Kwa kifupi nunua, lakini ujue unanunua nini, manake kwenye zile video za mtandaoni inabandika kila kitu mpaka chupa, na wale wanaotengeneza zile video wengi wao madirishani mwao hakuna jua la kaskazi kama hili letu.

Nimeitoa kwenye duka dogo la vikorokoro huko Biashara Street, unatoka kununua leso unaliona. Muuzaji alianzia mia nane na hamsini tukamalizia mia sita na vijiti vitano vya gundi ndani. "Dadangu hii orijino," ananiambia, na boksi lenyewe halina hata jina la kampuni. Ni ile ndogo ya wati 20, inakula vijiti vyembamba vya milimita 7.

Tuanze na plagi kabla ya gundi. Imekuja na pini mbili za duara na soketi zetu ni za pini tatu. Ile dawa ya kienyeji sote twaijua, unachomeka kijiti ama kifuniko cha biki kwenye tundu la juu halafu pini mbili zinaingia, na nyumba nyingi ndo hivo zinachaji simu. Kwa kitu kinachopata moto halafu unakishika mkononi wallahi siifanyi. Adapta haifiki mia mbili, nunua palepale, mimi muuzaji hakuniambia chochote mpaka nilipouliza ndo akaitoa chini ya meza. Wanaoogopa tokeni nao watulie, wati 20 ni kusema yuniti moja ya stima inaiwasha saa hamsini, feni ya darini inakula zaidi ya hapo.

Ukishaiwasha ngoja kama dakika tano, usilazimishe kifyatuo, ukilazimisha gundi inarudi nyuma na kijiti kinakwama. Na kikishakwama usikivute kwa nyuma, washa tena iyeyuke kisha kisukume na kijiti kipya. Kimguu chake cha waya ni mzaha mtupu, kinaanguka ukipumua, na bunduki ikikaa tu gundi inadondoka hata kama hujagusa kitu, kwa hivyo mimi naiweka juu ya kipande cha taili kilichobaki wakati tunatengeneza choo. Halafu kuna zile nyuzi, jamani, inavutika kama bamia, unabandika hapa uzi unakufuata mpaka kwenye nguo. Ukimaliza kila mstari zungusha ncha ya bunduki palepale kwenye kitu chenyewe kabla ya kuinua, uzi unakatika. Zitakazobaki pitishia draya ya nywele zinanywea zenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Nimeijaribu kwenye mikebe ya bati ya maziwa ya unga, ile mikubwa, kuzungushia kamba ya katani iwe ya kuwekea miiko na mapawa. Hapa bunduki imenifurahisha lakini ina siri yake: bati linapoza gundi haraka mno, unaweka, kabla hujabonyeza kamba imeshakuwa ngumu na kesho yake inabanduka mzima mzima. Osha mkebe kwa sabuni mafuta yaishe, usugue na msasa kidogo upate mikwaruzo, halafu uweke juani dakika kumi, hapa kwetu jua si tunalo la bure. Bati likiwa la vuguvugu gundi inakupa muda. Anzia chini, weka mstari mfupi kama vidole viwili, bonyeza kamba, zungusha, weka mwengine. Mzunguko wa kwanza na wa mwisho ndo unatia gundi kotekote, hapo katikati ukitia tone kila baada ya inchi moja yatosha, kamba yenyewe inajibana. Mkebe wa upana wa sentimita 10 na kimo cha 14 kwa kamba ya milimita 6 utakula mita saba na nusu hivi, kwa hivyo ukienda dukani usichukue mita tano ukaja kukwama shingoni. Katani ni hii hii inayolimwa huko Vipingo na hadi leo sijaona kitu cha elfu mbili cha kwenye duka la watalii kikiipita kamba ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kupendeza, shida yake inachoma choma vidole tu.

Madoo ya plastiki ya mafuta ya kupikia, yale tunayoyaweka mpaka yanajaa kabati, usisumbuke. Ile plastiki inakataa, gundi inatoka kama ganda. Si kosa la bunduki hii peke yake, plastiki ya aina ile haishikani na gundi hizi kirahisi. Njia niliyoiona inafanya kazi ni kuzungusha kitambaa kibane ndoo, halafu unagandisha kitambaa kwa kitambaa pale kinapokutana, ndoo yenyewe huigusi kabisa. Zangu mbili zinakaa vitunguu na viazi.

Penye alama zote ni ndara. Ndara zilizokatika kamba, kila nyumba ya Mombasa zipo nyuma ya mlango zinangoja sijui nini. Soli za nyingi ni povu la EVA, aina ya plastiki laini kama mpira, na vijiti vya hii gundi navyo ni EVA hiyo hiyo, kwa hivyo zinakamatana ukivuta povu linachanika kabla ya gundi kuachia. Nimekata miraba midogo ya rangi tofauti nikaipanga, nikagandisha ubavu kwa ubavu, imekuwa mikeka midogo ya kuwekea vikombe vya chai. Kwa vikombe sawa, kwa sufuria iliyotoka mekoni hapana, itayeyuka. Kata kwa kisu kikali cha wembe na rula ya chuma, makasi yanaacha meno. Na hapa bunduki ndogo ndo bora kuliko kubwa, gundi ya kubwa mara nyingi inatoka na moto mkali zaidi, inatoboa povu jembamba. Kuna wale wa Lamu walioivika dau zima vipande vya ndara, Flipflopi, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja, sasa wewe unashindwa na mkeka wa kikombe kwa nini?

Leso kuukuu nazo. Zile zilizochakaa mji, yaani pale katikati, lakini jina, yale maneno yake, bado linasomeka, mimi nimekata ule ukanda wa jina nikaubandika kwenye fremu ya picha iliyovunjika kioo, chini nikaweka kadibodi. Ya "mgeni njoo mwenyeji apone" iko ukumbini na kila anayeingia anaisoma kwa sauti kisha anacheka akiangalia jikoni. Kwa kazi ya kutundika ukutani gundi hii yafaa sana, tia kidogo na usambaze na kijiti manake ikiwa nyingi inatokeza kwa mbele doa kama la mafuta. Lakini foronya ya mto usiishonee na gundi! Pasi inaiyeyusha, na sehemu iliyogandishwa inakuwa ngumu inakukwaruza shavu. Peleka kwa fundi cherehani akupigie mshono.

Kadibodi na maboksi sina la kusema, inashika, basi.

Chupa za kioo ndo pale pa kudanganywa. Chupa ya jemu niliyoizungushia kamba ikakaa dirishani linalotazama magharibi, makusudi, nataka kuona, na kwenye lile joto la mwezi wa pili kamba ilianza kuteremka kama soksi, mchana inalegea usiku inaganda pale ilipofikia. Ya pili niliyoiweka kwenye rafu ya ndani, kivulini, haijasonga. Kwa hivyo cha dirishani, cha baraza la nje au cha kuning'iniza ndani ya gari, tumia gundi ya viatu, inanuka na inataka ungoje pande zote mbili zikauke kidogo ndo ubandike lakini jua haliitishi. Ile gundi nyeupe ya mbao ni rahisi na kwa karatasi ni safi zaidi, ila kwa unyevu wa kwetu inachukua karne kukauka, hasa mvua za mwezi wa tano. Na mpini wa kikombe uliovunjika ni supagluu, usilete bunduki huko.

(Wale mnaotaka kubandika makombe ya baharini kwenye kioo, tumieni vifungo vya nguo, ni vingi kwenye kila kopo la cherehani la mama. Makombe yaacheni baharini, na ndani ya hifadhi ya bahari hapa Mombasa kuyaokota hakuruhusiwi.)

Ukikosea kubandika, spiriti ya duka la dawa ipake kwenye ukingo wa gundi, subiri kidogo, inabanduka bila kuacha alama kwenye bati au kioo. Watoto wakae mbali, gundi ikikuingia kidoleni usiivute, tia mkono kwenye maji baridi kwanza, mimi naweka bakuli kabisa mezani kabla sijawasha.

Nyota tatu na nusu kwa mia sita. Ingepata nne kama kimguu kingesimama na wangeweka plagi ya nchi hii. Kama kazi zako ni mikebe na fremu kubwa kubwa ongeza pesa uchukue ya vijiti vya milimita 11, hii ndogo inakufanya ungojeengojee kila baada ya kijiti nusu. Na vijiti vya akiba ukienda kununua beba kipande cha zamani mfukoni umpimie muuzaji, wanavichanganya vyembamba na vinene kwenye mfuko mmoja na hawarudishi pesa.