Mashine ya msasa ya dramu: ununue au uache?

Kama unadhani hii mashine, yenye dramu inayozunguka iliyovikwa msasa, itafanya kazi ya randa ya umeme, aisee sahau, inakula kidogo kidogo sana na ukiilazimisha mbao inaungua mistari myeusi, msasa nao unazibwa na utomvu hasa ukipitisha msonobari. Ila kwa vibao vya kukatia nyama, au mbao yenye nyuzi zilizopinda ambayo randa inainyofoanyofoa, hapo haina mpinzani kabisa. Ile ya inchi 16 iliyo wazi upande mmoja inapiga ubao wenye upana wa hadi inchi 32, unaugeuza tu upitishe upande wa pili. Bila mashine ya kuvuta vumbi usithubutu. Na bado utamalizia kwa mkono kutoa mikwaruzo, so kama unatengeneza stuli mojamoja mi naona subiri kwanza.